Pole Iliyokatazwa

Siku waya aliporudi nyumbani kutoka hospitali, mamake dereva aliyemgonga alikuja na kuku, sukari kilo mbili, na wenzake watatu wa kanisa. Waya kwetu ni shangazi, dada ya baba. Aliolewa Seme, kwa hivyo huko wanamwita Nyar Alego, na mamake dereva ameolewa kijiji hicho hicho. Wameimba kwaya moja, wamesaidiana kuzika. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akauangalia ule mguu, akaanza kulia. "Nyar Alego, nisamehe. Mtoto wangu amekuumiza." Waya naye akalia. Wakaomba. Kuku akachinjwa jioni ile ile, na mimi nilipewa paja, sitadanganya.

Baada ya maombi, mzee mmoja wa boma akatoa karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili safi: kwamba mimi fulani nimepokea shilingi elfu thelathini za matibabu, nimemsamehe kijana, na sitadai kitu kingine kwake wala kwa mwenye gari, leo hadi milele. Waya akaomba kalamu.

Hapo ndipo wote waliponigeukia. Katika familia yetu mimi ndiye "msomi", hata kama niliacha chuo mwaka wa pili na sikuwa nikisoma sheria. Nikasema, ngojeni kwanza. Sikuwa na sababu yoyote ya kisheria. Niliona tu kwamba msamaha ulikuwa umeshatolewa, kwa mdomo, kwa machozi, mbele ya Mungu na mbele ya kuku, na bado kuna mtu alitaka sahihi. Nikajiuliza, kama tumeshasameheana, hii sahihi ni ya nini?

Waya hakufurahi. Alidhani namharibia amani yake. Na kusema kweli sikuwa na uhakika kama simharibii.

Ilivyotokea ni hivi. Jumapili alfajiri, siku kubwa ya soko la Kibuye, waya alikuwa amesimama steji kwenye barabara ya kutoka Bondo kuja Kisian, na beseni la omena limefunikwa kwa leso. Probox ya mwalimu mmoja mstaafu ilikuwa inakuja, ikiendeshwa na kijana wa jirani. Bodaboda iliyobeba gunia la makaa ikachomoka kwenye kijia bila taa. Kijana akapinda kushoto kuikwepa. Kushoto kulikuwa na watu. Wengine waliruka, waya hakuwahi. Mfupa wa paja ukavunjika, akawekewa chuma. Bodaboda haikuonekana tena hadi leo. Kijana anasema alikuwa kwa sitini. Waya anasema lile gari lilikuwa linaruka. Omena ilimwagika yote kwenye lami, na mpaka sasa ukimuuliza kuhusu asubuhi ile atakutajia idadi ya gorogoro kabla ya kukutajia maumivu.

Sasa niambie, hiyo ni kosa au ni bahati mbaya?

Neno tunalotumia lenyewe lina mtego. Ajali lilitufikia kutoka Kiarabu, na huko ajal ni muda uliopangwa, hasa muda wa mtu kufa. Kamusi zetu bado zinaweka kudra na gari kupinduka chini ya neno moja. Wazee wakisema ajali haina kinga, mjadala umefungwa. Ukisema "ilikuwa ajali" umeshasema hakuna mtu wa kuulizwa. Agosti 2025, basi lililobeba waombolezaji waliotoka mazishini Nyahera lilipinduka pale Coptic, Mamboleo, watu zaidi ya 20 wakafa. Wiki hiyo nilisikia sentensi moja kwenye matatu, kinyozi, kila mahali: siku yao ilikuwa imefika. Siwezi kubishana na mtu anayezika. Lakini nimekaa kwenye kamati za mazishi za kutosha kujua jinsi zinavyogawa kazi. Kuna mtu wa hema, mtu wa sufuria, mtu wa kuchapisha programu, mtu wa kushika pesa za harambee. Sijawahi kuona aliyetumwa kituo cha polisi kuchukua abstrakti. Tunazika vizuri sana sisi watu wa ziwa. Halafu miezi inapita, na familia inagundua kwamba hata kudai kwa niaba ya marehemu kunahitaji kibali cha mahakama cha kusimamia mali yake, hata kama mali yenyewe aliyoacha ni hiyo kesi tu.

Sheria haianzi na kudra. Inaanza na uzembe: dereva mwangalifu, saa ile, kwenye barabara ile, angefanya nini? Inawezekana kijana alipinda ili asiue mtu wa bodaboda. Inawezekana pia kwamba mwangalifu angekuwa anaenda polepole kiasi cha kusimama bila kupinda. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, na ndiyo maana jambo hili halinitoki kichwani.

Kuna mwanafalsafa Mwingereza, Bernard Williams, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili. Alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote. Williams alisema dereva huyo atahisi kitu ambacho mtazamaji aliyesimama kando hawezi kuhisi. Sisi tutamfariji, tutamwambia si wewe, lakini akifarijika haraka mno tutaanza kumtilia shaka. Yaani kuna deni linalobaki hata pale kosa halipo. Mamake dereva hajasoma Williams. Alijua tu kwamba mkono wa mwanawe ulikuwa kwenye usukani, na kwamba mtu haendi mahali kama pale mikono mitupu.

Mwalimu hakuja, na hili lilimuumiza waya kuliko karatasi na kuliko elfu thelathini. Mwalimu ndiye mwenye gari. Jioni ya kwanza alifika hospitalini, akasimama mlangoni wodini na kofia mkononi, akasema "pole sana, mama." Baada ya hapo akapotea. Wakikutana njiani anakata kona. Kanisani alihamia misa ya kwanza. Waya akaanza kusema huyu mtu ana roho mbaya, na mimi nilikubaliana naye, hadi siku moja nilipomkuta dukani peke yake akinunua mafuta ya taa. Akaniambia kwa sauti ya chini kabisa: "Nilipiga simu kwa watu wa bima. Wakaniambia nisikubali kosa, nisiahidi kitu, nisiende huko."

Nilienda kutafuta. Ni kweli, hilo ni sharti la kawaida kwenye mikataba ya bima ya magari: mwenye bima hatakubali lawama wala kuahidi malipo bila ruhusa ya kampuni, na akifanya hivyo kampuni inaweza kutafuta njia ya kutolipa. Kwa hivyo mzee wa watu, aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma, alikuwa amekatazwa kusema pole. Akaiogopa karatasi aliyoweka sahihi bila kuisoma, kama sisi sote tunavyofanya, na akakata kona.

Tangu nijue hilo nimeacha kuamini ile hadithi kwamba mtu anayetafuta wakili ndiye analeta ugomvi kijijini. Sheria ilikuwa imeshafika Seme kabla yetu. Ilifika siku Probox ilipobandikwa stika ya bima kwenye kioo. Upande mmoja ulikuwa na kampuni yenye ofisi, mawakili na watu wanaopima kila neno. Upande wetu ulikuwa na waya na kalamu. Hata ile karatasi ya daftari, baadaye tulijua, hakuitunga mzee wa boma. Aliandikiwa na mtu wa mjini.

Kwa hivyo jibu langu kwa wanaoniuliza "ni lini mtu atafute wakili" limekuwa hili: angalia aliyekuumiza kama bado ana ruhusa ya kuongea na wewe. Kama anaweza kukaa mbele yako na kusema nilikosa, na anachoahidi ni chake na anaweza kukitoa, labda hamhitaji mtu wa tatu. Siku atakapoanza kuongea kwa mdomo wa mtu mwingine, na wewe tafuta mdomo.

Najua inasikika kama ushauri wa kukataa amani. Acha nikupe upande wa pili. Jamaa yangu mmoja aligongwa na bodaboda pale Kondele, akavunjika mkono, akatibiwa Russia (hospitali ya Jaramogi, ila mjini jina hilo halifi, kwa sababu Wasovieti ndio waliosaidia kuijenga miaka ya 60). Mwenye pikipiki alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja. Bima hana, pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Mwenyekiti wa steji akawaita wote wawili, wakahesabu gharama, ikafika elfu kumi na mbili, wakakubaliana mia tano kila wiki. Kila Ijumaa M-Pesa iliingia, na baada ya M-Pesa, simu: "Bro, mkono unaendeleaje?" Alikosa wiki tatu, wakagombana kidogo, akamaliza. Leo wanasalimiana. Kama jamaa yangu angeenda mahakamani angepata hukumu nzuri iliyopigwa muhuri, ya kufungia njugu. Huyo kijana hakuwa na kitu cha kukamatwa zaidi ya helmeti.

Kesi hizo mbili zinafanana kwa mifupa tu. Ya Kondele, aliyelipa ndiye aliyegonga, na alilipa akimwangalia mtu usoni. Ya Seme, anayepaswa kulipa hatujawahi kumwona.

Na bado sijasema lililo gumu zaidi. Mwezi wa tano baada ya ajali, "mtu wa bima" alikuja. Shati jeupe, kalamu tatu mfukoni, heshima nyingi. Akaleta elfu themanini na fomu ya kutia sahihi kwamba umelipwa na hudai tena. Wakati huo daktari alikuwa hajasema kama chuma kitabaki au kitatolewa, na kutolewa ni upasuaji mwingine. Sheria inakupa nafasi moja ya kudai kwa jeraha moja. Ukishalipwa na kufunga, huwezi kurudi mwaka ujao ukisema mguu umeanza kupinda. Yule mtu hakumdanganya waya hata neno moja, na nimefikiria sana kuhusu hilo. Kila alichosema kilikuwa kweli: pesa ni hizi, ziko tayari, mahakamani utakaa miaka. Alichokosa kusema ndicho kilichokuwa na thamani. Je, ni uongo kumwacha mtu asaini asichokijua, wakati wewe unakijua? Mimi naona kuna dhambi pale, ila si ya mtu mmoja. Yule jamaa ana watoto na bosi.

Tulimwambia atuachie tufikirie. Hakurudi.

Ndipo tukatafuta wakili, mwezi wa kumi na nne. Tulichelewa, ila si sana. Kwa madai ya uzembe kama haya, Kenya inakupa miaka 3 tangu siku ya tukio kupeleka kesi, na watu wengi wakisikia miaka 3 wanapumua na kulala. Shida ni kwamba ushahidi haungoji miaka 3. Alama za matairi zilifutwa na mvua wiki ile ile. Mama wa mahamri aliyeona kila kitu alihamia Busia. Abstrakti tuliyoipata ilisema PUI, yaani bado inachunguzwa, na imebaki hivyo. Namba kwenye kitabu cha matukio cha polisi, fomu ya P3, picha za simu, majina ya waliokuwa steji, stika ya bima iliyo kwenye kioo: hivyo vyote mtu anaweza kuvichukua siku ya kwanza huku akiwa bado hajaamua kama atamshtaki mtu yeyote. Kutunza ushahidi si kushtaki. Ningependa hilo lisemwe kwenye kila kamati ya mazishi na kila wodi, kabla ya neno wakili kutajwa.

Na kesi ya trafiki, watu huichanganya na hii. Ile ni ya serikali na dereva. Akitozwa faini, faini inaenda serikalini, haiendi kwa mguu wa waya. Akipatikana na hatia itamsaidia waya baadaye kuthibitisha uzembe, basi.

Kuhusu mawakili wenyewe, sitawapamba. Siku ya pili tu wodini kijana mwenye faili alikuwa amefika kitandani. Alijiita karani wa wakili. Alikuwa na elfu mbili "za maziwa" na fomu ya kuweka kidole gumba. Waya alikuwa na dawa za maumivu kichwani, akakataa kwa sababu tu alidhani ni mtu wa kampeni. Mama wa kitanda cha pili aliweka kidole. Miezi baadaye tulimkuta kliniki, hajui wakili wake ni nani, ofisi iko wapi, wala kama kesi imelipwa. Kuwinda wateja namna hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawakili, lakini nani ataripoti aliyemletea maziwa? Wakili anayekuja kwako kabla hujamtafuta, tayari anajua kesi yako inaweza kumpa nini. Sisi jina la wakili wetu tuliliangalia kwanza kwenye tovuti ya Chama cha Mawakili, kuona kama ana leseni ya mwaka huo. Ni dakika mbili.

Halafu pesa. Wengi hapa Kisumu wataambiwa "usilipe sasa, tutakata baadaye." Sheria hiyo hiyo ya Mawakili haitambui makubaliano ya wakili kulipwa tu akishinda. Nia yake naielewa: wakili asinunue kesi ya mteja akawa mchezaji na refa. Lakini muuza omena mwenye mguu wa chuma atatoa wapi ada ya kufungua kesi, ya ripoti ya daktari, ya kutafuta rekodi za gari? Kwa hivyo makubaliano yanafanywa kwa mdomo, gizani, na yakivunjika huna karatasi. Sheria iliyokusudia kumlinda mnyonge inamwacha akiwa hana ushahidi wa alichoahidiwa. Hili linanikera kutoka pande zote mbili. Wetu tulimwomba aandike gharama zote na kila shilingi ya malipo ipitie kwa barua. Alicheka kidogo, akaandika.

Kuna njia ya kwenda bila wakili. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ilipitishwa 2016, mahakama zenyewe zikaanza 2021, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na sheria inataja fidia ya majeraha ya mwili pia. Unaruhusiwa kujisimamia, na kesi inatakiwa iishe ndani ya siku 60. Kwa gari lililokwaruzwa au mkono ulioteguka, mimi ningeanzia hapo. Kwa waya, nilipofikiria akisimama peke yake na yule wa kalamu tatu akiwa na wakili, nilishindwa.

Kitu kimoja kilichonishangaza ni risiti. Gharama za matibabu lazima zithibitishwe moja moja. Waya alikuwa anaweka risiti kwenye kopo la Kimbo pamoja na mbegu za sukuma, nusu zilikuwa zimeliwa na panya. Na biashara yake je? Nani ana risiti ya omena? Niliogopa kwamba mahakama itaona mtu ambaye hakuwahi kufanya kazi. Ila mwaka 2005 Mahakama ya Rufani ilisema wazi kwamba hati si njia pekee ya kuthibitisha kipato, kwa sababu Wakenya wengi wanaishi kwa kazi zisizo na rekodi na kuwadai karatasi ni kuwadhulumu. Nilipomsomea waya hilo kwa Dholuo alinyamaza, halafu akasema, "Kumbe wanajua tupo."

Lakini usiku ule ule aliuliza swali ambalo bado linanishinda. Alikuwa amekubali kwamba kusamehe na kutia sahihi ni vitu viwili. Alikubali kwamba yule mzee wa boma alikuwa anasamehe kwa mguu usio wake, jambo ambalo ni rahisi sana. Tatizo lake lilikuwa jina. Nilikuwa nimemweleza kwamba huwezi kuishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Unamshtaki dereva na mwenye gari, kwa majina yao, kampuni inapewa notisi, na ukishinda ndipo ile sheria ya bima ya magari, Sura ya 405, inailazimu ilipe, hadi shilingi milioni 3 kwa mtu.

"Pesa si ya kijana," nikamwambia. "Ni ya bima."

"Sasa kama ni ya bima, nyathina, mbona jina ni lake?"

Nilijaribu. Mwaka 1932, majaji wakuu wa Uingereza waliamua kesi ya mwanamke wa Uskoti aliyedai kukuta konokono aliyeoza ndani ya chupa ya soda ya tangawizi. Lord Atkin aliuliza, kisheria, jirani yangu ni nani? Swali hilo ni la Biblia, la Msamaria mwema, na jibu lake ndilo msingi wa kesi zetu za uzembe hadi leo: jirani ni yeyote ambaye kitendo changu kinaweza kumuumiza, hivyo napaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Nikamwambia waya kwamba kesi yenyewe imesimama juu ya neno jirani, kwamba kumshtaki kijana ni kusema alikuwa jirani yako pale barabarani. Aliniangalia vile watu wazima huangalia watu walioenda chuo. "Huyo mzungu," akasema, "jirani yake alikuwa anaishi naye?"

Na kuna hatari halisi, sikumficha. Kampuni za bima huanguka. Blue Shield ilienda 2011, Xplico na Invesco zikafuata 2023 na 2024, na wenye magari waliojua wamekatiwa bima walibaki na hukumu mikononi mwao. Kampuni ikianguka katikati, dalali wa mahakama hatakwenda Nairobi. Atakuja Seme, kwa mwalimu, kwa ng'ombe wa mamake kijana, kwa yule yule aliyeleta kuku. Waya alilijua hilo alipokubali. Alikaa na uamuzi wiki mbili, akaenda mwenyewe kwa mkongojo hadi kwa mamake kijana, kabla wakili hajapeleka chochote, akamwambia kwa mdomo wake kwamba barua itakuja, na ina jina la mtoto wake, na kwa nini. Sijui walisema nini kingine. Nilibaki nje nikipigwa jua. Alipotoka alisema tu, "Amesikia." Tangu siku hiyo yule mama hajarudi kwaya.

Kwa hivyo siwezi kusema tulifanya vizuri. Ninachoweza kusema ni kwamba upasuaji wa pili ulifanyika, ulilipiwa na mbuzi wanne na mchango wa ndugu, na kwamba elfu thelathini isingefika hata kwenye nusu yake.

Siku ya kusikilizwa tulitoka Seme saa kumi na moja alfajiri, matatu moja sote, kwa sababu ndiyo ya kwanza na hakuna nyingine. Mahakamani Kisumu tulikaa kwenye benchi la koridoni hadi saa tano. Mwalimu alisimama dirishani na wakili wa bima. Mamake kijana alikaa benchi la mbele, mgongo kwetu. Kijana alikuwa hajala. Waya akafungua mfuko, akatoa mandazi mawili yaliyofungwa kwenye gazeti, akampa moja. Akalipokea kwa mikono miwili. Karani akatoka na orodha akaanza kusoma, na yetu ilipofika alisoma jina la waya, halafu neno dhidi ya, halafu jina la kijana na la mwalimu. Waya alipoinuka mkongojo uliteleza kwenye sakafu, kijana akamshika kiwiko. Akambebea mfuko hadi mlangoni, akamrudishia, akaenda kukaa upande wa wadaiwa.